Je, wajua kichomeo cha gesi kisicho na feni hupata wapi hewa yake?

Kichomeo cha kujitengenezea cha tanuri dogo la kufulia visu hakina mambo mengi. Ni bomba la chuma la inchi robo tatu, urefu kama shubiri moja, limefungwa tii, yaani kiungio cha bomba chenye umbo la herufi T, upande mmoja. Ndani ya tii, katikati kabisa, imechomekwa tipu, yaani ncha ya kupitishia waya, ya mashine ya kuchomelea ya MIG, yenye tundu la milimita 0.6 hadi 0.9; gesi hutokea hapo. Hakuna feni, hakuna mivukuto, hakuna umeme. Ukifungua gesi na kuwasha, kinaanza kunguruma, na si muda mrefu chuma kinapita nyuzi 1,000 za Selsiasi.

Sasa piga hesabu. Lita moja ya propani inahitaji takribani lita 24 za hewa ili iungue yote. Gesi inapita kwenye tundu ambalo hata njiti ya kibiriti haiingii, na hewa yote hiyo inaingia yenyewe kupitia mikono ya tii. Nani anaisukuma?

Jibu utakaloambiwa na wengi ni "venturi". Gesi ikienda kasi presha yake hushuka, kwa hiyo inafyonza hewa. Kutokana na jibu hilo watu huamini kwamba bomba lazima liwe na kiuno, yaani libanwe katikati kisha litanuke, na wengine huhangaika kutafuta wa kuwakerezea. Lakini bomba lililonyooka moja kwa moja, la kutoka dukani, linafanya kazi hiyohiyo. Kama kiuno ndicho kinachofyonza, bomba hilo lisingewaka.

Kosa liko kwenye kudhani kwamba mchirizi wa gesi una presha ndogo kwa sababu tu una kasi. Gesi ikishatoka kwenye tipu na kuingia hewani, presha yake inalingana haraka na ya hewa iliyo kando yake, hata kama bado inakimbia. Ni kweli ukipima ndani ya mdomo wa bomba utakuta presha imepungua kidogo, ila hayo ni matokeo ya hewa kuburutwa kuelekea mbele. Kiuno kilichochongwa vizuri nacho husaidia kiasi, hasa kwa kuilainishia hewa njia ya kuingia. Basi.

Kinachofanya kazi ni kuburuta. Lori likikupita kando ya barabara kwa kasi, vumbi na karatasi hulikimbilia. Lori halina mdomo wa kuvuta karatasi. Limeikwangua hewa iliyo ubavuni mwake, hewa hiyo ikaikwangua ya pili, ya pili ikaikwangua ya tatu, na kila moja ikanyang'anya kasi kidogo kutoka kwa mwenzake. Mchirizi wa gesi hufanya vivyo hivyo pande zote. Kadiri unavyosonga mbele unanenepa, unapungua kasi na kubeba hewa zaidi, mpaka unajaza bomba zima. Ndiyo maana bomba huachwa na urefu wa takribani mara 8 au 9 ya kipenyo chake, ili uchanganyaji uishe kabla ya moto. Ndiyo maana pia tipu iliyokaa kombo hata kidogo hutoa mwali unaoyumba: mchirizi unagonga ukuta upande mmoja kabla haujamaliza kazi.

Cha kuchekesha ni kwamba Giovanni Battista Venturi mwenyewe, katika utafiti aliouchapisha Paris mwaka 1797, alishughulikia hasa jinsi mwendo unavyoambukizwa kwa ubavu ndani ya vimiminika. Yaani kuburuta. Jina lake likaishia kwenye kiuno.

Hesabu ya kasi nayo inapendeza. Presha ikifika kama bar 0.75 (bar moja ni karibu sawa na presha ya hewa) juu ya ile ya hewa, propani hutoka kwenye tundu kwa kasi ya sauti ndani ya gesi hiyo, takribani mita 250 kwa sekunde. Kilo moja yake inatakiwa kubeba karibu kilo 16 za hewa. Gawa kasi ile kwa kilo 17 zote, unabaki na mita 15 hivi kwa sekunde. Msuguano unakula sehemu, kwa hiyo kasi halisi ni ndogo zaidi. Hata hivyo, mwali wa propani kwenye mchanganyiko uliotulia husafiri kama mita 0.4 tu kwa sekunde. Msukosuko ndani ya bomba huuongezea kasi mara kadhaa, lakini mradi gesi inasukuma vizuri, moto hauwezi kupanda kurudi nyuma.

Hapa ndipo penye makosa ya fundi anayeanza. Akitaka joto zaidi, anatanua tundu. Tuseme tipu ya 0.6 ilikuwa inaleta hewa sawasawa, 24 kwa 1. Ukiweka ya 0.9 kwa presha ileile, gesi inaongezeka mara 2.25, kwa kuwa inafuata eneo la tundu, lakini hewa inafuata kipenyo chake, inaongezeka mara 1.5 tu. Uwiano unashuka hadi 16 kwa 1. Gesi isiyopata hewa ndani inakwenda kuungulia mlangoni, na unapata ulimi mrefu wa moto nje huku chuma ndani kikisuasua. Kuongeza presha hakutibu tatizo hilo, kwa kuwa presha huongeza gesi na hewa karibu kwa kiwango kimoja. Uwiano unaamuliwa na kipenyo cha tundu dhidi ya kipenyo cha bomba. Hiyo ni hesabu ya karatasi, lakini. Kwa presha ndogo sana, msukumo wa tanuri lenye moto unaanza kushinda mchirizi, ndiyo maana regulata ya jiko la nyumbani, inayotoa kama bar 0.03, haifai. Inatakiwa ya presha kubwa inayorekebishika.

Hofu kwamba moto utafuata mpira hadi kwenye mtungi si ya kweli katika hali ya kawaida: mle ndani kuna gesi tupu, na gesi bila hewa haiungui. Ukisikia mlio wa "pwa!" na ngurumo ikabadilika, moto umeingia ndani ya bomba, funga gesi, acha lipoe. Cha kuogopwa ni viungo vinavyovuja, kwa sababu propani ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa na hujikusanya chini, na bomba la mabati, ambalo zinki yake hutoa moshi wenye sumu likipata moto.

Na uwiano ule kamili wa 24 kwa 1, mfua visu wala hautaki. Hewa ikizidi hata kidogo, oksijeni inayobaki hula chuma, ikaacha magamba na kuunguza kaboni ambayo ndiyo ukali wa kisu. Hivyo huziba kidogo mikono ya tii, mwali ukapungukiwa hewa, kidogo ukachungulia mlangoni. Gharama yake ni kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa nje au penye upepo unaopita wazi.