Je, wajua? Saratani ya Mgogo na ya Mjapani, jeni zake ni zile zile?

Tuseme vinyama vya uvimbe vimefika maabara, kimoja cha mgonjwa wa Mpwapwa, kingine cha Tokyo. Je, hitilafu zilizozaa saratani zinatosha kumtambulisha mwenye kinyama? Kwa wagonjwa wawili, hapana. Kwa maelfu, tofauti huanza kujitokeza.

Kuna jeni tulizorithi kwa wazazi, zilizomo katika kila seli. Kuna na hitilafu zinazotokea maishani katika seli chache, kwa moshi wa sigara, jua, virusi, au makosa tu ya seli inapojigawa. Uvimbe hutokana na hizi za pili, ila zile za urithi huweza kuziongoza.

Mfano unaojulikana zaidi ni saratani ya mapafu aina ya adenokasinoma. Jeni iitwayo EGFR huwa imeharibika kwa karibu nusu ya wagonjwa wa Asia Mashariki. Kwa Wazungu ni kama asilimia 10 hadi 15. Tofauti hiyo ina uzito, maana zipo dawa za vidonge zinazolenga hitilafu hiyo hiyo.

Na "Waafrika" je? Hapo ndipo neno linapozidiwa. Saratani ya matiti isiyo na vipokezi (sehemu za seli zinazopokea ishara za kukua) vya estrojeni, projesteroni wala HER2, ambayo ni ngumu kutibu, huonekana sana Ghana. Ethiopia, nyingi zina vipokezi vya estrojeni. Wote weusi! Hata hapa kwetu, ukitoka Dodoma mjini kupitia Kondoa hadi Ziwa Eyasi unakutana na Wagogo na Warangi, Waburunge, Wasandawe, Wabarbaig na Wahadzabe: Wabantu, Wakushi, Waniloti na wasema lugha za vidoko. Mwaka 2009 timu ya mtaalamu wa jeni Sarah Tishkoff ilichapisha uchunguzi wa jamii 121 za Afrika, Wasandawe na Wahadzabe wakiwemo, ikaonyesha kuwa hakuna bara lenye jeni tofauti tofauti kuliko hili. Halafu hifadhi kubwa ya Marekani ya jeni za saratani, TCGA, takriban robo tatu ya wagonjwa wake ni Wazungu. Kwa maoni yangu, kumweka kila mtu mweusi katika safu moja ya jedwali ni uvivu.

Wakati mwingine tofauti inayotarajiwa haipatikani. Saratani ya umio, ile ya njia ya chakula, imeshamiri Afrika Mashariki. Mwaka 2021 watafiti walichapisha uchambuzi wa vivimbe 552 kutoka nchi nane, zikiwemo Tanzania, Kenya, Malawi, Iran, Japani na Uingereza. Alama za uharibifu wa jeni zilifanana mno, kwenye nchi zenye wagonjwa wengi na zenye wachache. Jeni ya TP53, ambayo kwa kawaida huzuia seli kugeuka saratani, ilikuwa imeharibika katika vivimbe vingi. Tofauti iliyojitokeza wazi ilikuwa Japani, kwa wanywaji pombe waliorithi jeni isiyoweza kuvunja sumu yake vizuri. Yaani urithi na kinywaji vilishirikiana.

Kwa hiyo mama wa Bahi au Chamwino akitolewa kinyama cha titi, kipimo kinachoamua dawa ni cha vipokezi, si kabila. Vya estrojeni vikiwepo, dawa ya tamoksifeni huweza kumfaa sawa na Mzungu mwenye vipokezi hivyo. Visipokuwepo, haitamsaidia yeyote kati yao.