Aikido haitumii nguvu za siri
Hapa Goma wengi bado wanaamini kwamba mwalimu wa aikido, sanaa ya kujihami ya Kijapani, humwangusha mtu kwa nguvu za siri. Sivyo. Morihei Ueshiba, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1883, aliijenga aikido hasa juu ya mbinu za kukunja viungo alizojifunza kwa Sokaku Takeda, mwalimu wa sanaa ya mapigano aliyekutana naye mwaka 1915. Katika kote-gaeshi, mojawapo ya mbinu hizo, kiganja cha mshambuliaji hupinduliwa kuelekea nje, naye hujirusha mwenyewe ili kifundo cha mkono kisiumie. Kuanguka huko hufundishwa kwa makusudi. Lakini kwa kuwa mitindo mingi, isipokuwa ule wa Kenji Tomiki, mwanafunzi wa Ueshiba, haina mashindano, anayezoea mashambulizi ya kupangwa hajapimwa na mtu anayekataa kuanguka, na vijana wetu wanastahili kuambiwa hivyo waziwazi kabla ya kuitegemea barabarani usiku.