Muda wa kukaa ukikaribia kuisha: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mgeni akibakiza wiki chache tu katika nchi ya watu, washauri hawakosekani. Tatizo ni kwamba wengi wao hawajawahi kusoma hata muhuri ulio kwenye pasipoti zao wenyewe.

Dhana: "Viza yangu ni ya miaka kumi, haraka ya nini?"

Viza inakupa ruhusa ya kubisha hodi. Siku za kukaa hupangwa mlangoni. Marekani, kwa mfano, tarehe inayokubana ni ile iliyo kwenye kumbukumbu ya kuingia, I-94. Mgeni wa matembezi mara nyingi hupewa miezi sita, hata kama viza yake imebakiza miaka minane. Kinyume chake pia kipo: viza ikiisha ukiwa ndani lakini tarehe ya I-94 haijafika, huna kosa.

Dhana: "Vuka mpaka, kunywa chai, rudi. Hesabu inaanza upya."

Huu ndio ushauri unaotolewa kwa kujiamini kuliko wote, na ndio unaoumiza zaidi. Nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, huruhusu siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na hizo 180 huhesabiwa kurudi nyuma kutoka siku uliyosimama mbele ya afisa. Tuseme umeingia tarehe 1 Machi na kutoka 29 Mei. Siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa, kwa hiyo 90 zimekwisha. Ukirudi 5 Juni, afisa akitazama nyuma atazikuta zote 90 palepale. Mlango haufunguki mpaka 28 Agosti. Na usitegemee muhuri uliofifia: tangu Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kusajili wageni wa muda mfupi kwa alama za vidole na picha ya uso.

Dhana: "Ukishapeleka maombi ya kuongezewa muda, umesalimika."

Inategemea umeyapeleka lini, na wapi. Kanada na Uingereza, aliyeomba kabla ya muda kuisha kwa kawaida huendelea kukaa kihalali akisubiri jibu. Marekani hushauri uombe angalau siku 45 kabla. Yakikataliwa baada ya tarehe yako kupita, unatakiwa kufunga mizigo. Aliyeingia huko bila viza, kwa mpango wa siku 90, haongezewi kabisa, isipokuwa nafasi finyu ya dharura.

Dhana: "Nitageuza matembezi kuwa masomo nikiwa hapahapa."

Uingereza kwa kawaida haikubali. Marekani inawezekana kuomba, ila usianze masomo kabla hujakubaliwa.

Dhana: "Ukijipeleka uhamiaji, umejikamatisha."

Ukienda muda wako ungali hai, wewe ni mwombaji kama wengine. Umelazwa, au ndege zimefutwa? Schengen huongeza muda kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako au za kibinadamu, lakini huzipimi wewe. Beba barua ya daktari yenye tarehe, au ujumbe wa shirika la ndege. Maelezo ya mdomo hayafiki mbali.

Dhana: "Kupitiliza siku mbili tatu ni faini tu."

Zipo nchi za namna hiyo. Thailand hutoza baht 500 kwa siku, kikomo 20,000, japo waliopitiliza zaidi ya siku 90 hupigwa marufuku pia. Marekani hata siku moja huweza kubatilisha viza uliyoingilia. Ukipitiliza zaidi ya siku 180 kisha ukaondoka, huruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Mwaka mzima au zaidi, miaka 10.

Dhana: "Muda ukishapita, basi tena."

Kanada inatoa siku 90 za kuomba kurejeshewa hadhi yako, mradi usifanye kazi wakati huo. Kwingine, mara nyingi kilicho bora ni kuondoka mapema kabla siku hazijalimbikizana, na kutunza kipande cha tiketi ya ndege kama ushahidi wa siku uliyotoka.