Je, wajua kwa nini damu inayopimwa mwezi wa tatu wa matibabu inaweza kuonyesha kama dawa ya lukemia, yaani kansa ya damu, itakubali?

Anko wangu wa Ahero alianza na bandama. Tumbo upande wa kushoto likafura, jasho usiku, kuchoka bila kazi, na akamezeshwa dawa ya malaria mara tatu kwa sababu huku kwetu ziwani bandama ikifura mshukiwa wa kwanza ni mbu, na kusema ukweli mara nyingi ni yeye. Mpaka siku alipofanyiwa hemogramu, kile kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu, wakakuta chembe nyeupe 214,000 kwa maikrolita moja. Mtu mzima mwenye afya huwa na kama 4,000 hadi 11,000 hivi. Kumbe ni CML, lukemia ile ya kuja polepole. Akaanzishwa imatinib, zile tabuleti za kila siku, na baada ya wiki kadhaa hesabu ikarudi sawa, bandama ikanywea, mzee akarudi kwa mpunga wake.

Sasa mwezi wa tatu anaambiwa arudi atolewe damu ya kipimo kingine, na hiki ni cha bei. Akanipigia: "Nyathina, si hemogramu imesema niko sawa? Hii ingine wanatafuta nini?"

Swali zuri sana hilo, na jibu lake ndio sababu ya kuandika hapa.

Hemogramu inahesabu vichwa tu, haiulizi mtu ni wa nani. Kama umewahi kulima mahindi Siaya ama Vihiga unajua kayongo, ile gugu ya maua mazuri ya zambarau inayonyonya mizizi ya mahindi. Unaweza ng'oa zote zinazoonekana, shamba likae safi kabisa, na bado udongo umejaa mbegu ndogo kama vumbi zinazoweza kukaa miaka mingi zikingoja. Hemogramu inaangalia shamba kutoka barabarani. Na kuna ushahidi kwamba macho ya barabarani hayatoshi: hydroxyurea, ile dawa mama wengi wa Kisumu wenye watoto wa sickle cell wanaijua vizuri, inateremsha chembe nyeupe za mgonjwa wa CML mpaka kawaida, hemogramu inapendeza, lakini kansa yenyewe kwa chini iko pale pale na inaendelea na safari yake.

Kwa hivyo wanatafuta alama ambayo chembe ya kansa inayo na zile zingine hazina. Kwa CML alama hiyo inajulikana vizuri kuliko karibu kansa ingine yoyote. Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, wakiwa Philadelphia huko Marekani, waliona kromosomu (zile nyuzi za urithi ndani ya chembe) moja ndogo isiyo ya kawaida kwa wagonjwa hawa, na ndio ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha imetoka wapi: kromosomu ya 9 na ya 22 zimevunjika zikabadilishana vipande. Pale vipande vilipounganishwa jeni mbili, yaani maagizo ya urithi, zikashikana zikawa moja, BCR-ABL, na inatengeneza protini inayoamrisha chembe izaane bila kupumzika, kama boda ambayo kebo ya mafuta imekwama, hata ukiachilia mkono bado injini inavuma. Imatinib, iliyoidhinishwa Marekani 2001, inaenda kuziba pale pale kwa hiyo protini.

Kipimo cha mwezi wa tatu ni kuhesabu nakala za BCR-ABL kwa damu. Kinaitwa PCR, kinaweza kunasa chembe moja ya ugonjwa katikati ya laki moja, na kuna mahali kinafanywa kwa mashine ya GeneXpert, ile ile watu wanaijua kwa TB, katriji tu ndio tofauti, na majibu ni chini ya masaa matatu. Jibu linakuja kwa asilimia. Usisome hiyo asilimia ati ndio sehemu ya damu yako iliyo na kansa, hapana, ni kipimo cha pamoja cha dunia nzima ambapo 100 ni wastani wa mahali wagonjwa wanaanzia, ndio maabara tofauti ziongee lugha moja. Ratiba inayotakiwa ni hivi: mwezi wa tatu uwe 10 kushuka chini, mwezi wa sita 1 ama chini, mwaka ukiisha 0.1 ama chini.

Na sasa ile sehemu iliyonishangaza mimi. Kuna utafiti wa London uliotolewa 2012, wagonjwa 282 walioanza na imatinib, wakaangalia nani atakuwa hai miaka minane baadaye. Wale ambao mwezi wa tatu walikuwa wamezidi kama 10 hivi, uwezekano wa kuwa hai ulikuwa asilimia 57. Waliokuwa chini, 93. Miezi mitatu tu kwa miaka minane! Siri iko kwa mwendo wa kushuka. Wiki za kwanza zinazokufa ni zile chembe nyingi za juu juu, na zikianguka haraka maana yake dawa imefika, imeshika, na ugonjwa hauna mlango wa nyuma. Zikishuka kwa kuvuta miguu kuna kitu kinazuia, na kadiri BCR-ABL inavyobaki nyingi ndio inavyopata nafasi ya kubadilika umbo dawa isiishike tena. Ndio maana mtu aliyeanza juu sana na saa hii ako 11 lakini anateremka kwa kasi, daktari anaweza kungoja kidogo apime tena, na mwingine wa 11 aliyekwama wakaanza kuongea kuhusu kubadilisha dawa, aende kwa dasatinib ama nilotinib. Namba ya juu si hukumu ya kifo, ni ya kushtua watu mapema wakati bado kuna la kufanya.

Lakini kabla ulaumu dawa, hesabu tabuleti. Hao hao wa London walitoa ingine 2010, wagonjwa 87 waliopewa chupa zenye kifuniko kinachorekodi kila kikifunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa kufika ile 0.1 ndani ya miaka sita ulikuwa kama 94 kwa mia. Waliomeza 90 ama chini, 28. Hebu fikiria 90 ni nini: ni kuruka siku tatu kwa mwezi. Siku tatu! Matanga moja upande wa Bondo na umesahau dawa nyumbani, basi zimeisha. Mimi naona hiki kipimo kinapima tabia karibu sawa na vile kinapima kansa, na pia kinapima mambo hakuna mtu alikuwa anafikiria, mfano mgonjwa akipata TB akaanza rifampicin, ini linaanza kuvunja imatinib mbio mbio, namba inapanda na yeye anameza kila siku bila kukosa. Mwambie daktari kila dawa unayokunywa, hata ya miti.

Jambo lingine dogo la njiani: kinachohesabiwa ni RNA, ile nakala ambayo chembe inatoa kwa jeni, na hiyo inaharibika upesi. Damu kwa ule mrija wa kifuniko cha zambarau ikilala siku nyingi kwa njia, jibu linaweza kudanganya.

Lukemia kali za watoto zina hesabu zake, sitaingia sana. Kwa ALL, lukemia kali inayopata watoto zaidi, wengine huangalia siku ya nane baada ya wiki moja ya prednisone, chembe changa za kansa zikiwa chini ya 1,000 kwa maikrolita hiyo ni dalili nzuri, halafu karibu mwisho wa mwezi wa kwanza wanatafuta mabaki kwa uboho, hata chembe moja kati ya 10,000. Wazo ni lile lile la mwendo.

Anko alitoka 6.2. Mwezi wa sita 0.7. Bila kungoja chai ipoe akauliza, "Basi naweza kuacha?" La, bado mbali. Ufaransa waliachisha wagonjwa 100 imatinib, na hao walikuwa wamekaa angalau miaka miwili kipimo hakioni kitu kabisa. Kwenye majibu ya 2010, kati ya 69 waliofuatiliwa mwaka mmoja au zaidi, 42 ugonjwa ulirudi, 40 wao kabla ya miezi sita, wakarudishwa kwa dawa. Nilipomwambia akanyamaza, akapiga hesabu kwa vidole, kisha akauliza kama kwa hiyo chupa ya London wanauza kifuniko peke yake.