Kwa nini tunawatenganisha dagaa mafungu mawili pale mwaloni

Wadau wa Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, mmeshatuona asubuhi tunachambua dagaa mmoja mmoja, na wengine mnauliza hawa watafiti wanatafuta nini, dagaa si dagaa tu? Sio mmoja jamani. Kuna Stolothrissa, mwembamba, anakaa maji ya mbali, na kuna Limnothrissa, anakua mkubwa zaidi na anapenda kusogea ufukweni. Wote wanakula vile vijidudu vinavyoelea majini, sasa mbona mmoja hajammaliza mwenzake?

Hesabu yake ipo, ilitungwa miaka ya 1920 na Alfred Lotka wa Marekani na Vito Volterra wa Italia, kila mtu kivyake. Tuchukue namba za kujifunzia tu, sio za ziwa letu. Sehemu inabeba samaki A 1,000 akiwa peke yake, au B 800 akiwa peke yake, na kila mmoja anamchukulia mwenzake nafasi ya nusu samaki. Wakiishi pamoja wanatulia A 800 na B 400. Hakikisha mwenyewe: nusu ya 400 ni 200, toa kwenye 1,000 inabaki 800, alafu nusu ya 800 ni 400, toa kwenye 800 inabaki 400. Sasa mpe A ubabe, ile nusu anayomchukulia B iwe 0.9. A wakikaribia 1,000 wanachukua nafasi karibu 900 wakati B alikuwa na 800 tu, basi B anaisha taratibu, hakuna aliyemla wala kumvua.

Mwanabiolojia Mrusi, Gause, aliliona hili kwenye vichupa, akaliandika 1934. Aliweka paramesia wa aina mbili, vijidudu vya chembe moja, aina moja ikapotea kabisa. Alipobadilisha mshindani wote wakabaki, sababu mmoja alikula juu kwenye bakteria na mwingine chini kwenye hamira iliyotuama. Yaani kila aina ilikuwa inajibana yenyewe kuliko inavyombana jirani, na hilo ndo sharti lenyewe la kuishi pamoja.

Limnothrissa akikua anakula hadi wadudu, uduvi na watoto wa Stolothrissa, kwa hiyo sio ushindani mtupu, na hesabu ya Lotka na Volterra peke yake haitoshi, haina migebuka, samaki wanaowala dagaa, ndani yake wala kokoro, wavu wa kukokota, linalozoa wachanga wa Limnothrissa ufukweni. Lazima tuviongeze, na hatuwezi kuviongeza kama tunapewa ndoo ya mchanganyiko imeandikwa "dagaa" basi. Ndo maana tunaomba dakika kumi kabla hamjawamwaga kwenye chanja, tuhesabu wa huku na wa huku.