Mnyanya Mrefu Huanzia Chini ya Udongo

Mama mmoja wa Lanet, hapa Nakuru, alikuja ofisini kwetu na picha kwenye simu. Mnyanya ulikuwa umempita kichwa, shina nene kama kidole gumba, majani yamefunga ukuta wa nyumba. Matunda hayakuwepo. Nilipomuuliza ameulisha nini, akasema CAN, mbolea yenye nitrojeni nyingi, kila wiki, kiganja kizima.

Nitrojeni hujenga majani. Mmea ukipewa kupita kiasi hujiendeleza wenyewe na kusahau maua. Tulimwomba aache CAN kabisa, apunguze machipukizi, na kila asubuhi jua likishapanda atikise shina polepole ili chavua imwagike, maana kona ile haipati upepo. Mwezi uliofuata shada la kwanza la matunda lilikuwa limeshika.

Anayetaka mnyanya mkubwa aanze na mbegu. Cal J na Rio Grande ni za kichaka: zikifika kimo chake hukoma, hata ukizipa samadi ya zizi zima. Money Maker na Anna F1 huendelea kurefuka maadamu zina afya. Mwaka 2000 huko Lancashire, Uingereza, mnyanya mmoja ulifikia mita 19.8. Nyumbani, mita mbili na nusu ni nyingi. Kushinda hapo utachuma kwa ngazi.

Kazi kubwa ni mizizi, na hapa ndipo wengi wetu tunafanya haraka. Chimba shimo la nusu mita kwenda chini na nusu mita upana, kisha changanya udongo wa juu na nusu debe la samadi iliyooza hadi haina harufu. Mche wa wiki nne au tano uchume majani ya chini, kisha uzike shina hadi karibu na majani ya juu. Ule mwili wa shina uliofunikwa utatoa mizizi mipya pande zote. Ni neema ambayo mimea michache ya bustani inayo, na inasikitisha kuona mche umepandwa juujuu tu.

Udongo wetu wa Nakuru una majivu mengi ya volkano, hivyo maji hupita upesi. Tandaza nyasi kavu chini ya mmea. Ndugu zetu wa Kano, kule Kisumu, wana shida kinyume: udongo mweusi unaoshika maji, kwa hiyo wao wainue tuta kwanza.

Usipande palipokuwa na viazi, biringanya au pilipili msimu uliopita. Ni ukoo mmoja na magonjwa yao ni mamoja. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi na ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukianza kushuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa, choma, na usirudishe nyanya hapo kwa miaka kadhaa.

Maji yawe ya kipimo kimoja. Kukausha siku nne kisha kufurisha ndiko huleta kuoza kitako, kwa sababu kalsiamu hailifikii tunda. Mwagilia chini, asubuhi. Majani yakilala na unyevu katika baridi yetu ya usiku, ugonjwa wa baka jani hauko mbali.

Funga shina kwa kamba ya mkonge kwenye mti imara, ukiacha nafasi ya kunenepa. Vunja machipukizi ya kwapani yakiwa madogo, ubakize shina moja au mawili. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kwanza, maana tumbaku hubeba virusi vinavyoshambulia nyanya.

Kilele kikifika juu ya mti, una njia mbili: ukikate, matunda yaliyopo yapate nguvu, au ulegeze kamba, ulaze chini sehemu ya shina iliyokwisha kuvunwa, na kilele kianze kupanda upya.