Bambo Moja, Gunia Zima

Mnunuzi wa karafuu hamwagi gunia zima sakafuni. Huchoma bambo, kile chombo kilichochongoka cha kutolea sampuli guniani, akatoa kiasi cha kiganja, akakitazama, kisha akataja bei. Ninapowafundisha vijana hapa Pemba takwimu za kukadiria huanzia hapo. Kiganja kile ndicho sampuli. Gunia ndilo kundi zima tusiloweza kulihesabu.

Tuseme umetoa vipande 100, na 12 kati yake ni makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Je, gunia zima lina makonyo asilimia 12? Si lazima. Ungechoma bambo ubavu wa pili ungepata 9, au 15. Basi zidisha 0.12 kwa 0.88, sehemu isiyo makonyo, gawanya kwa 100, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.96, namba inayoendana na kiwango cha asilimia 95. Utapata kama 0.064, yaani asilimia 6 hivi juu na chini ya 12. Makonyo ya gunia tunayakadiria kati ya asilimia 6 na 18, kwa kiwango cha kuaminika cha asilimia 95.

Hiyo 95 inawapoteza wengi, hata wenye shahada. Haisemi lolote juu ya gunia. Gunia lina makonyo yake, hayazidi wala hayapungui kwa hesabu zetu. Inaisemea njia tuliyotumia. Wangekuja watu 100, kila mmoja akatoa vipande vyake na kupiga hesabu hii hii, kama 95 wangelinasa jibu la kweli ndani ya mipaka yao, na watano hivi wangelikosa. Wewe hujui umo kundi lipi. Asiyelikubali hili, kwa maoni yangu, bado hajawa tayari kuandika ripoti.

Ukitaka mipaka ipungue nusu, toa vipande 400, mara nne. Ukubwa wa kundi zima karibu hauna neno: watu 400 hukadiria Zanzibar yote, yenye watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, kwa usahihi ule ule wa kukadiria wilaya moja.

Ila wachaguliwe kwa haki. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea majibu ya nyumba 400 za shehia kadhaa, yaani maeneo madogo yanayoongozwa na masheha, mipaka yake myembamba, amefurahi. Nikamuuliza, "Mwanangu, nyumba hizi ziko wapi?" Zote zilikuwa kando ya lami. Wa ndani mashambani hakuwafikia hata mmoja. Alirudi kwa masheha, akaomba orodha za kaya, akachagua nyumba upya kwa bahati nasibu.